Kulia kwa Redio Yako

Wahakiki wetu wameandika sana juu ya ngano, majigambo na nyimbo za jando, lakini utangazaji wa mpira ni wachache walioutia katika fasihi simulizi. Sijui wanaogopa nini. Fanani yupo. Hadhira ipo, tena hadhira inayogonga meza na kutukana. Na utendaji wenyewe hutokea mara moja tu, haurudiki. Basi leo tuuhakiki kama tunavyohakiki riwaya, kwa kuziangalia redio za michezo zinazotufikia huku Mkuza, kilometa kama 40 kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro.

Tuanze na Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, maana ndiyo mama yao. Watangazaji wake walikuwa na fomula moja ambayo watu wazima wa hapa wanaijua kwa moyo: timu fulani inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako. Iangalie vizuri sentensi hiyo, ndugu msomaji. Kwa maneno machache, kisanduku kilichowekwa juu ya kabati kinageuka uwanja. Kina goli huku na goli kule. Mtangazaji akisema mpira uko winga ya kulia, unageuza shingo kutazama ukingo wa redio, kana kwamba kuna kitu pale. Huo si ufundi mdogo. Mshairi huhangaika ubeti mzima kukufikisha mahali; Ahmed Jongo au Charles Hilary alikufikisha kwa pumzi moja, kisha akaongeza mwendo wa sauti kadiri mpira ulivyosogelea eneo la hatari, mpaka ukajikuta umesimama.

Hilary alifariki Mei 2025, baada ya kupita RTD, Radio One, BBC na Azam TV, na mwisho akiwa msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Rambirambi zilikuwa nyingi. Uhakiki wa sauti yake bado.

Na sauti si ya mtangazaji peke yake. Novemba 1993 Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Kule Ivory Coast walitoka 0-0, wakarudi Uwanja wa Taifa wakiwa na kombe mkononi nusu, wakafungwa 2-0. Goli la mgeni redioni lina namna yake ya kuingia: kwanza kelele za jukwaa zinakatika, unajua kabla hujaambiwa, ndipo linakuja neno. Mwandishi wa tamthilia angelipia pesa kupata kituo kama kile.

Ila tusiipambe RTD kupita kiasi. Ilikuwa redio moja, ya serikali, na msikilizaji hakuwa na pa kujibu. Ukikasirishwa na kocha, ulimkasirikia mkeo. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango. Radio One ikaanza 1994, Clouds FM ikaja mwishoni mwa muongo ule, na mwaka 2014 ikaingia EFM, 93.7, na kipindi chake cha asubuhi cha Sports Headquarters, ambacho vijana hukiita Sports HQ. Hiki ndicho kilichobadilisha mambo. Kilichukua kijiwe chote, na ubishi wake, na utani wa Simba na Yanga, na misemo ya bodaboda, kikakiingiza studio bila kukivalisha tai. Maulid Kitenge alipohama EFM kwenda Wasafi FM, watu walijadili uhamisho huo kama wa mshambuliaji. Mtangazaji naye akawa na bei.

Kwa upande wa fani, hii ni hatua, na wanaoidharau kwa sababu ya lugha ya mtaani wanakosea. Vipindi hivi ni ndugu wa ngonjera: mmoja anatetea, mwenzake anapinga, wa tatu anawachochea, na msikilizaji anaingia kwa simu kama mtazamaji aliyerukia jukwaani. Kejeli inayopikwa humo Jumatatu baada ya mechi ya watani huwezi kuipata katika diwani lolote la siku hizi.

Tatizo liko kwenye maudhui. Fungua asubuhi, Simba na Yanga. Fungua mchana, usajili wa Simba na Yanga. Jioni, msemaji wa Yanga kamjibu msemaji wa Simba. Mpira wenyewe haumo! Mchambuzi amemla mtambaji.

Sababu zake si uvivu tu. Mwaka 2021 haki za kutangaza Ligi Kuu moja kwa moja redioni zilipewa TBC, na zile za televisheni zikaenda Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 wa Sh. bilioni 225.6. Kituo kisicho na haki kinabakiwa na nini? Maneno kabla ya mechi na maneno baada ya mechi. Halafu yapo matangazo ya makampuni ya kubashiri, ambayo hayahitaji umwone winga akikimbia. Yanahitaji ubaki hewani ukiamini unajua zaidi ya jirani yako, kisha ukasuke mkeka.

Hapa ndipo sisi wa Mkuza tunapoumia kuliko wengine. Filbert Bayi alijenga hapa shule na kituo cha michezo. Ni yule yule aliyeshika uongozi tangu mwanzo mjini Christchurch, Februari 1974, akamaliza mita 1500 kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, John Walker akimfukuza mpaka utepe. Na Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia, ya kwanza kwa Mtanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, baada ya kilometa 42!

Mbio kama hizo utazibishania vipi? Hakuna penalti ya kulalamikia wala kocha wa kufukuzwa. Zinasimuliwa tu: kifua kiko wapi, nani kaangalia nyuma, mita ngapi zimebaki, nani anakufa miguu. Redio iliyopoteza watambaji haiwezi kuzishika, kwa hiyo inazitaja katika habari na kurudi kwenye usajili. Mtoto wa hapa anaweza kupita mbele ya shule ya Bayi kila siku, redio sikioni, na akakua akimjua kila msemaji wa klabu bila kuwahi kusikia mtu akikimbia.

Mkataba wa 2021 ni wa Ligi Kuu. Mbio za shule za wilaya, netiboli ya wasichana pale Tumbi na mechi za mchangani hazina mkataba na mtu. Kuzitangaza kunataka kijana mwenye macho na pumzi, simu moja, na vocha ya kutosha dakika 90.