Kusubu Mwili: Maneno ya Kazi ya Plasta katika Ufipa

Iko kazi ya sanaa ambayo bado haijapata jina katika lugha yetu. Fundi humpaka mtu aliye hai ute mzito mkononi au usoni, huungoja ugande, huuvua, kisha humimina plasta katika uwazi uliobaki. Wanaoieleza kwa Kiswahili husema "kuchukua mkono", au "kuchukua uso". Naona maneno haya hayafai, wala shabaha yangu si usafi wa lugha peke yake.

Tuseme kijana ataka kufungua karakana ndogo ya kazi hii mjini Sumbawanga. Jina la mji wenyewe wenyeji hulifasiri kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Tena mwaka 2013, katika mkoa huu wa Rukwa, watu wenye ualbino walishambuliwa wakakatwa mikono, kwa tamaa ya wale waaminio kwamba viungo vyao huleta mali. Katika nchi iliyoona hayo, ubao wenye maneno "Tunachukua mikono ya watoto" hausomwi kama tangazo la sanaa. Mtu asiniambie kwamba msomaji atafahamu kwa muktadha. Kilichochukuliwa, kwa Kiswahili, kimeondoka kwa mwenyewe. Mafundi wa viungo bandia, ambao chuo chao kiko Moshi tangu 1981, nao hufunika mwili kwa plasta; lakini tukisema fundi "amechukua kipimo" hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kilichochukuliwa ni kipimo.

Neno tunalolihitaji tunalo: ni kusubu, pamoja na jina kalibu. Achongaye hupunguza, afinyangaye hubonyeza na kuongeza, asubuye humimina kitu kikagandamana kwa umbo la kalibu. Yuko atakayepinga kwamba kusubu ni kwa madini yaliyoyeyushwa, na plasta haiyeyushwi. Walakini shina la neno hili katika Kiarabu lahusu kumimina, si kuyeyusha, na plasta iliyokorogwa kwa maji humiminwa. Haifai, hata hivyo, kudai kwamba neno hili lina asili Ufipa kwa sababu ya sifa ya wahunzi wake. Wale waliojenga malungu, yale matanuri marefu ya udongo yaliyopita kimo cha mtu na kuvuta upepo bila mivuo, hawakumimina chuma. Chuma chao kilitoka bonge, kikasafishwa katika tanuri dogo, kikafuliwa. Kwa hiyo kusubu litafika Ufipa kama mgeni kutoka pwani, na mgeni huyu afadhali kuliko yule "kuchukua".

Juu ya sanamu nina mashaka. Mapadri Weupe walishika kituo cha Karema mwaka 1885, na kwa Wafipa wengi, walio Wakatoliki, sanamu ya plasta ni ya mtakatifu kanisani. Mzazi aweza kuona ni kufuru kumfanyia mwanawe sanamu. "Mkono wa plasta" latosha. Ila lisichanganywe na lile hogo la hospitali, ambalo watu wamelifananisha, kwa ucheshi mzuri, na muhogo mnene.

Maneno ya maelekezo yana hatari zaidi. Plasta inapogandamana hutoa moto, na ikiwa nene huunguza. Nchini Uingereza, mwaka 2007, msichana wa shule alitia mikono yake katika plasta akapoteza vidole. Basi "zamisha mkono katika plasta" ni sentensi isiyopasa kuandikwa kamwe. Mkono huzamishwa katika aljineti, unga utokanao na mwani, ambao waganga wa meno huutumia kupata umbo la meno. Plasta huja baadaye, mkono ukiisha kutoka.

Katika kumalizia, lugha yetu ni tajiri. Vitundu vya mapovu huloweshwa kwanza, vikazibwa kwa plasta mpya. Kisha hupigwa msasa, neno ambalo karatasi ya dukani imelirithi kutoka mti wenye majani ya kukwaruza. "Kukauka" lakini lahitaji uangalifu. Plasta huwa ngumu kwa muda mfupi, na mnunuzi hudhani imekauka; maji yangali ndani, na katika masika ya Ufipa, au baridi ya Juni, yaweza kukaa majuma. Rangi ikipakwa mapema hubambuka. Fundi aseme "imegandamana" siku ya kwanza, na "imekauka" siku ya kupaka rangi.

Yabaki cheti cha ridhaa, ambacho kingeandikwa kabla ya ubao. Napendekeza hivi: "Nimekubali mkono wangu usubiwe. Kalibu itaharibiwa mbele yangu, na mkono wa plasta nitaondoka nao mimi."