Lenzi Kuukuu, Kamera Mpya

Lenzi ya Helios 44-2, ya milimita 58, iliyotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zenit, siku hizi hufungwa kwenye kamera za dijitali kwa kiungo cha chuma tu. Wengi huisifu kwa kuwa, tundu lake likifunguliwa wazi, majani yaliyo nyuma ya mtu huonekana kama yanazunguka. Sisi hatuoni hivyo. Mzunguko huo ni kasoro ya lenzi, tena huipokonya sura ya mtu nafasi yake. Sifa tunayoitambua ni kwamba lenzi hii haijilengi yenyewe: mpiga picha hana budi kuizungusha kwa mkono, aamue kama ataonyesha wazi jicho au ukosi wa shati. Katika picha nyingi tulizozitazama, majani yamezunguka barabara, jicho limefifia.