Kutoka Rikavu hadi Kompaundi: Namna ya Kuukagua Upinde wa Kwanza

Mpiga mishale aliyezoea upinde wa rikavu (recurve) akitaka kununua wa kompaundi (compound), swali lake la kwanza huwa kasi, na la pili bei. Yote mawili yana mahali pake, ila yasitangulie. Kompaundi nzuri ya kwanza ni ile inayomkaa mwenyewe mwilini, kisha anaweza kuirekebisha kwa mikono yake. Sharti hilo la pili lina uzito mkubwa kwa mtu wa Magoma, wilayani Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge chini ya Usambara. Huko fundi wa pikipiki anapatikana, lakini wa kompaundi hayupo, na kipuri kikihitajika sharti kiagizwe.

Sababu za kuhama zimeongezeka. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alishindana kwa rikavu, aina pekee iliyoruhusiwa. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na shindano la kompaundi la timu za mwanamume na mwanamke. Kijana anayeanza leo ana pa kulenga.

Kilichogeuka

Upinde wa mti wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wenye upote wa kano za mnyama, una tabia moja na rikavu ya kisasa: kadiri unavyovuta ndivyo uzito unavyozidi, na uzito wote unakulemea pale pale unapolenga. Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1969, aliigeuza kanuni hiyo. Kamu, magurudumu yaliyo kwenye ncha za mabawa ya upinde, hupandisha uzito mapema, kisha huuporomosha mwishoni; upungufu huo huitwa nafuu. Kompaundi ya ratili 50 yenye nafuu ya asilimia 80 hukuachia ratili 10 tu za kushikilia. Mwenye rikavu ya ratili 40 hubeba zote 40 hadi anapoachia.

Ndiyo maana mkono uliolelewa na rikavu hupima vibaya. Huusifu upinde kwa wepesi wake mwishoni, na wepesi huo kila kompaundi inao.

Urefu wa kuvuta kwanza

Rikavu humvumilia anayevuta nusu inchi zaidi au pungufu. Kompaundi ina mwisho wake uliopangwa na kamu, na ukikosea hapo hakuna mazoezi yatakayokuokoa. Kwa kuanzia, nyoosha mikono yako pande zote mbili, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi nyingine kwa inchi, ugawe kwa 2.5. Mwenye inchi 70 atapata 28. Usichukue moja kwa moja kipimo cha rikavu yako: kwa kuwa kompaundi huvutwa kwa kifyatulio kilichoshika kitanzi cha upote, wengi hujikuta wanahitaji kipimo kifupi kidogo.

Kisha mwombe mwenzako akutazame kutoka ubavuni. Kichwa kikiegemea nyuma, bega la mkono wa upinde likipanda na upote ukipita nyuma ya kona ya mdomo, upinde ni mrefu kwako. Ukiinamisha shingo kuufuata upote, na kiwiko cha mbele kimekunjika, ni mfupi. Kipimo sahihi hukuacha umesimama wima, kichwa mahali pake, upote ukigusa uso bila kutafutwa.

Chagua kamu ambazo urefu wake hubadilishwa kwa kuhamisha moduli, kipande kidogo cha kamu, kwa spana ya pembe sita. Zipo zinazodai kamu au upote mwingine kwa kila nusu inchi, na kazi hiyo huhitaji mashine ya kubana mabawa. Kwa mtu wa Magoma, hapo ndipo upinde mzuri wa kwenye picha unapogeuka mzigo.

Ukuta na uzito

Mwisho wa kuvuta huitwa ukuta. Vuta hadi hapo, kisha endelea kuvuta taratibu kwa misuli ya mgongo. Ukuta mgumu hukataa kabisa. Laini hukubali kidogo. Mtu wa rikavu amezoea kuvuta mpaka klika, kibati cha kuashiria mwisho wa kuvuta, ilie, hivyo ukuta mgumu utampa kitu cha kuegemeza mgongo. Halafu legea kidogo sana. Zipo kamu kali ambazo ukilegea hivyo tu zinakupora upote kwenda mbele. Hizo waachie wazoefu.

Uzito upime ukiwa umeketi kitini. Upinde uwe mbele yako, mshale ukiwa kwenye upote na shabaha salama mbele, uvute bila kuuinua juu wala kujinyonganyonga. Ukishindwa, punguza. Mashindano ya kimataifa yana kikomo cha ratili 60, na hakuna aibu kuanza na 40. Usiuachie kamwe upinde bila mshale: nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mabawa na kuyapasua.

Urefu wa upinde na tangazo la kasi

Pinde za kuwindia huwa fupi, mara nyingi inchi 28 hadi 33 kutoka ekseli hadi ekseli. Za shabaha hukaribia 36 hadi 40. Anayetoka rikavu ataelewana na ndefu, maana upote hauji usoni kwa pembe kali na upinde hautikisiki upesi. Angalia pia nafasi kati ya kishikio na upote uliopumzika. Inchi 7 au zaidi husamehe makosa; 6 hukimbiza mshale lakini hudai mkono uliotulia.

Kasi ya kwenye tangazo kwa kawaida hupimwa kwa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350. Wewe wa ratili 45 na inchi 27 hutaiona. Kwa hiyo isikuamulie.

Ukinunua uliotumika

Chukua kipande cha pamba, ukipitishe polepole kwenye kingo zote za mabawa, mbele na nyuma. Penye ufa, nyuzi za pamba zitanasa kabla jicho halijaona kitu. Pamba ikinasa, rudisha upinde. Kagua upote na kebo: manyoya ni dalili ya kukauka, na uzi wa kuzungushia ukiachana ni dalili ya kuchakaa. Chungulia mfereji wa kamu kutafuta meno, kisha vuta na mtu aangalie kama vizuizi vya kamu mbili vinagusa pamoja. Soma lebo ya bawa kujua uzito na urefu wa nyuzi, maana bila namba hizo huagizi kipuri. Bolti za mabawa zisilegezwe kupita mizunguko anayoruhusu mtengenezaji.

Ukishaununua, usiuache ndani ya gari lililofungwa juani; joto huharibu nyuzi na mabawa. Mishale ya rikavu usiihamishe kabla ya kuhakikisha ugumu wake unafaa, na uzito usipungue greni 5 kwa kila ratili. Shabaha iwe nene kuliko ya zamani. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Tanzania ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kwa uwindaji. Upinde tunaouzungumzia ni wa shabaha.

Fedha ikiwa haitoshi kwa kila kitu, punguza kasi, punguza rangi, punguza jina la kampuni. Urefu sahihi wa kuvuta, mabawa mazima na moduli unayoweza kuihamisha nyumbani, hivyo usivipunguze hata kimoja. Mwenye hivyo vitatu atapiga mishale mingi kabla ya kuhitaji fundi, na mishale mingi ndiyo inayomfundisha.