"Kamusi Elezo" na "Mbegu"

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, hujiita "kamusi elezo huru". Jina hilo lina kasoro. Kamusi hueleza maneno. Kazi hii hueleza vitu, watu na mahali. Mwalimu wa Kilakala, Morogoro, anayejitolea kuhariri kwa mara ya kwanza, akilifuata jina hilo ataandika kwamba Kilakala ni kata ya Manispaa ya Morogoro, kisha ataweka nukta. Makala nyingi za kata ndivyo zilivyo: fasili, msimbo wa posta, idadi ya wakazi. Milima ya Uluguru na shule ya sekondari ya wasichana haviingii katika fasili. "Ensaiklopidia" ni neno la kukopa, lakini halimpotoshi mtu.

"Jamii", kwa maana ya kundi la makala, nayo yatatanisha: makala ya jamii ya Waluguru imo katika jamii ipi?

Bali "mbegu", yaani makala fupi inayongoja kukuzwa, ni istilahi bora kuliko nyingine yo yote humo. Humwambia mgeni kwamba ufupi si kosa, na kwamba ye yote aweza kumwagilia. Mwalimu wetu na aanzie hapo: abonyeze "hariri", aongeze sentensi moja juu ya shule, na aonyeshe kitabu alikoitoa.