Kiti Kizuri ni Kipi?

Kwetu Rubona, kuhudhuria tamasha kubwa ni kusafiri hadi Kigali, kwenye ukumbi wa BK Arena uliofunguliwa mwaka 2019, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000. Aghalabu tiketi za karibu na jukwaa ndizo ghali. Kipimo hicho kina kasoro: mbele kabisa, kando ya vipaza sauti, ngoma humeza maneno; katikati, mkabala na jukwaa, sauti za pande zote huwiana. Taarabu ya Unguja yatufunza vilevile. Msikilizaji huinuka alipoketi akaenda kumtunza mwimbaji kwa kuwa ubeti umemgusa; husikia kwanza, ndipo asogee. Basi mwalimu wa lugha na anunue kiti cha kusikia, si cha kuonekana.