Waliobeba Kitabu

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874. Akiwa Ugogo aliiacha njia kuu ya misafara iendayo Tabora na Ujiji, akakata kaskazini kupitia Ituru na Iramba, akafika Ziwa Viktoria Februari 1875. Kurasa za Through the Dark Continent (1878) zinazohusu huku kwetu Singida ni za njaa, homa na mapigano ya Vinyata. Nimezisoma mara tatu kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikimtafuta mtu mmoja: mpagazi anayetembea siku ya kawaida, na mzigo wake kichwani.

Simpati. Wanyapara wanatajwa, lakini mpagazi wa kawaida hungoja balaa ndipo apate jina. Kaif Halek, aliyewahi kumpelekea Livingstone barua, anaingia katika kurasa hizi kwa sababu ameuawa karibu na Vinyata.

Mwezi Juni nilitembea kutwa nzima kutoka Kiomboi kuelekea magharibi, hadi uwanda wa Iramba unapokatika na bonde la Wembere kuonekana chini. Sidai kwamba nilikanyaga nyayo za msafara ule. Nilitaka kujua siku moja ya miguu ina nini ambacho kitabu kimekiacha. Mgongoni nilikuwa na maji na kitabu chenyewe. Mzigo wa mpagazi ulikaribia kilo 30, kama debe moja na nusu la mahindi. Kwenye mteremko nilipishana na mama aliyejitwika debe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unakwenda wapi, mwanangu?”

“Natembea tu.”

Akacheka. “Kutembea tu nako ni kazi?”

Muda wote huo shingo yake haikugeuka. Macho tu ndiyo yaliyonifuata. Mwenye mzigo haangalii mandhari, anaangalia hatua tatu za mbele. Mandhari, ambayo ndiyo bidhaa ya vitabu vya safari, ni ya asiyebeba.

Ningependa kusema kwamba Kiswahili kilimtendea haki zaidi. Safari za Wasuaheli, masimulizi aliyoyakusanya Carl Velten na kuyachapisha Ujerumani mwaka 1901, yana uzuri wake: msimulizi kama Sleman bin Mwenye Chande husema “sisi” pale Stanley anaposema “mimi”, na ile -ka- ya vitenzi inausukuma msafara mbele kwa pamoja. Lakini Sleman alikuwa mfanyabiashara. “Sisi” yake inawameza waliofika na bidhaa zake kichwani. Umoja wa sarufi si usawa wa mabega.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hivyo ni vituo, yaani mahali mizigo iliposhushwa. Anayetaka kuiandika njia yenyewe aanzie katikati ya vituo, mteremkoni, kwa mtu asiyeweza kugeuza shingo.