Nasaba Ndefu, Mama Hayumo

Mtu akitaka kuijua Pemba ya mababu, mie humtajia kwanza *Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani*, kazi ya Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Wengi hukisoma kama diwani. Napendekeza tukisome pia kama historia ya mtaa na ya ukoo. Neno la kwanza kwenye jalada si "mashairi", ni "kale". Na huwezi kumweleza mshairi wa kisiwa kidogo bila kusema ni mtoto wa nani na kaishi na watu gani.

Sasa litazame jina la Kamange kwa ukamilifu: Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy. Hiyo ni historia ya familia katika mstari mmoja: mtoto, baba, babu, kabila la Omani. Sarahani bin Matwar hali kadhalika. Swali langu ni moja tu: mama yuko wapi?

Waandishi siwalaumu, ndivyo nasaba zetu zinavyoandikwa. Lakini kwa Pemba swali hili ni zito. Kimbunga cha 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na karafuu zikahamia huku. Mwaka uliofuata Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mashamba yanataka mikono, mlango umefungwa. Basi majahazi yakaendelea kuleta watu kwa magendo. Baadhi ya wanawake wakawa masuria. Kisheria mtoto wa suria alikuwa huru, akirithi kama ndugu zake na kubeba jina la baba. Ukoo wa mama ukaishia hapo. Hata amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa iliwaacha nje masuria mpaka 1909.

Ndiyo maana nakisoma kitabu hiki sambamba na cha Elisabeth McMahon, kilichotolewa na Cambridge mwaka 2013, kuhusu utumwa na maisha ya Wapemba baada ya kuachwa huru. Yeye anaingilia mlango wa korti na mirathi. Hoja yake kubwa ni kwamba neno "heshima" lenyewe lilibadilika: kutoka ukubwa wa mwenye nguvu na nasaba, hadi mwenendo ambao hata aliyekuwa mtumwa angeweza kuujenga. Kwa msomaji wa Kiswahili hiyo ni hoja ya kutikisa, maana neno hilo tunalitumia kila siku bila kuliuliza umri wake.

Kina upungufu wake. Mafaili ya korti humwonesha mtu siku aliyogombana au siku mali yake ilipogawiwa; utani wake na nyimbo zake hazimo. Tena kimeandikwa kwa Kiingereza, yaani wajukuu wa wanaosimuliwa wengi hawatakifungua. Kitabu kimoja kina sauti, kingine kina ushahidi. Kinachokosekana ni cha tatu: historia ya Wete, ya Kojani au ya Pujini, kwa Kiswahili, inayobeba vyote viwili.

Na haiwezi kusemwa kwamba lugha haina uzoefu. Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia watawala wa Kilindi, aliandika *Habari za Wakilindi*, ikachapwa kwa sehemu kuanzia miaka ya 1890. Ni habari ya ukoo mmoja wa Usambara, na ugomvi wa ndugu umo, haukufichwa.

Najua kwa nini tunasita. Baada ya siasa za miaka ya 1950 na Mapinduzi ya 1964, kuulizwa "asili yako wapi?" halikuwa swali la maskani tu, lingeweza kumponza mtu. Wazee walinyamaza ili watoto waishi salama. Ukimya huo ulikuwa na sababu, lakini wanaoujua ukweli wanazidi kupungua.

Kwa hiyo, wewe unayechora mti wa ukoo wenu, weka na safu ya akina mama. Jina likikosekana, acha nafasi wazi, andika tu: alikuwepo. Usiijaze kwa nasaba ya kuazima.